Mwenyekiti Alivyosalimia Watu

Majina ya watu hayanipotei. Ukiniuliza waliokaa mstari wetu pale lokesheni, mtaa wa Waafrika wa Nakuru, nitaanza na chumba cha kwanza na kwenda nacho: Mzee Ombati na mkewe Kerubo, halafu Hezron aliyekuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, halafu Peresi mjane, halafu sisi, halafu Mwenyekiti. Jina la Mwenyekiti pia ninalo. Silitaji kwa sababu wajukuu wake wako, tunasali nao kanisa moja, na wananisalimia vizuri. Tena enzi zile hakuna aliyelitumia. Hata Rael, mke wake, alimwita Mwenyekiti akimwita kula, na akimgombeza alimgombeza kwa hilo hilo. "Mwenyekiti, umekanyaga unga wangu."

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya lokesheni, wa chama cha siasa cha wilaya upande wa Nakuru, wa mazishi, na wa mpira. Palipokuwa na kiti, kilikuwa chake. Mfupi, mnene kifuani, shingo hakuna. Mikono yake ilikuwa ya mtu mrefu zaidi. Alikuwa amepasua mbao msituni miaka mingi kabla hajaja mjini, akivuta msumeno wa watu wawili, na nadhani mikono ilimea huko, mwili mwingine ukabaki.

Sasa nieleze alivyosalimia, maana ndilo watu walilomkumbukia.

Alikuja na mkono umetangulia, kutoka mbali, kama mtu anayebeba kitu. Ukiuingiza wako, alifunga. Hakufunga mara moja. Alifunga polepole huku akikuuliza habari za nyumbani, na wewe unajibu, na anaendelea kufunga. Anakuuliza habari za mvua. Anafunga. Na uso wake unacheka.

Kwetu, na kwa wengi tuliokuwa pale, ukimsalimia mtu mkubwa unaleta mkono wa kushoto unashika ule wa kulia, hapa chini ya kiwiko. Ni heshima. Mtoto anafundishwa kabla hajajua kujifunga nguo. Sasa Mwenyekiti alikuwa amegundua jambo. Mtu akibanwa mkono mpaka aumie, mkono wa kushoto unakuja wenyewe kusaidia mwenzake. Unakuja unashika hapo hapo chini ya kiwiko. Na aliyesimama mbali haoni maumivu. Anaona fulani amemheshimu Mwenyekiti.

Kwa njia hiyo aliwashinda wengi. Karani wa soko, mwalimu mkuu, viongozi wa vyama vya makabila waliokuja na suti zao, wote walionekana mbele ya watu wakimshikia kiwiko. Watu wakasema, hata yule amekubali. Na kweli baada ya hapo walikubali. Mtu akishaonekana amekubali, anachoka kueleza kwamba hakukubali.

Alikuwa anasema, "Mkutano unaisha mlangoni. Ndani ni kuongea tu." Hilo alilirudia sana. Lingine alisema kwa wazee wa kamati yake: "Usimwangalie mtu macho. Mwangalie mkono wa kushoto." Na akiulizwa kwa nini hapendi kuandika barua kama viongozi wengine, alisema barua haina mifupa.

Wanawake hakutusalimia hivyo. Alitupa vidole viwili tu, vimelegea, halafu anavirudisha mfukoni.

Kila Jumamosi Mwenyekiti alitoka na beseni la mablanketi akaenda kwenye mfereji wa maji kukamua nguo. Rael alifua, yeye alikamua. Blanketi zima limelowa maji, analisokota peke yake mpaka linakauka kama limepigwa pasi. Wanaume wengine hawakufika kwenye mfereji, ilikuwa aibu. Mzee Ombati alimpigia kelele kutoka mlangoni, "Mwenyekiti! Umeolewa?" Naye anajibu bila kugeuka, "Leta na la kwako nikukamulie, Kerubo apumzike." Sisi wanawake tulifurahi sana. Mume wa mtu anamsaidia mkewe! Peresi alisema kama angejaliwa tena mume, awe hivyo. Ni Rael aliyeniambia, tukiwa tunachambua mboga, kwamba hakuwa anamsaidia. Alikuwa anazoeza mkono.

"Na siku hakuna nguo chafu," Rael akasema, "ananilowanishia zilizo safi."

Lakini mtu huyo hakuweza kuchinja kuku. Wageni wakija, alimpitisha kuku juu ya ukuta wa kati ya vyumba vyetu, ambao haukufika paani, akaniambia, "Mama Ruthi, nisaidie na huyu," na anakwenda kukaa nje mpaka nimalize. Na watoto wa mstari mzima wakichomwa na mwiba walipelekwa kwake. Alikuwa anautoa kwa pini, na vile vidole vinene, mtoto hata halii. Niliona kwa macho yangu. Nasema haya kwa sababu yalikuwepo.

Chumba chetu tulipewa baada ya wenyewe kupakiwa kwenye lori. Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari, Wakikuyu wanaondolewa. Alikuwa Mama Wanjiru na watoto wake watatu, Wanjiru, Kamau na mdogo waliyemwita Baby. Nilikuta sufuria yao juu ya mafiga. Niliisugua nikaitumia. Mwenyekiti ndiye aliyetuonyesha chumba, akampa Zakayo ufunguo, akasema, "Karibuni, hapa ni pazuri, jua la asubuhi linaingia." Na lilikuwa linaingia.

Zakayo alikuwa mume wangu. Kazi yake ilikuwa kukama ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja nje ya mji, upande wa Lanet. Alitoka alfajiri, akarudi saa nne, akaenda tena jioni. Ng'ombe kumi na wanne ndio waliokuwa wake, na aliwajua kwa majina kama mimi ninavyojua watu. Mtu wa kukama mikono yake si kama ya mtu mwingine. Haina misuli ya kuonekana, ni myembamba, lakini ukimpa akushike kidogo utajua.

Mwenyekiti alijua. Wiki ya kwanza tu alimsalimia kwa ile njia yake, akafunga, akafunga, na Zakayo anajibu habari za nyumbani kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi. Mwenyekiti akamtazama.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Nakama, mzee."

"Aa," akasema. "Aa. Sasa naelewa."

Tangu siku hiyo, Jumapili baada ya kanisa, alikuja kwetu. Anakaa kwenye kiti chetu kimoja, Zakayo kwenye kitanda, mikono juu ya meza, na wanabanana. Mimi napika chai. Mwenyekiti hakumshinda hata siku moja. Jasho linamtoka, anacheka, anasema, "Wewe ni shetani wa maziwa," halafu anakunywa chai yake na kueleza siasa. Lakini wakikutana nje mbele za watu, Zakayo alilegeza mkono wake kabisa, akaleta wa kushoto chini ya kiwiko, akainamisha kichwa. Hakuambiwa. Alikuwa amefundishwa hivyo kwao.

Nilimwuliza kwa nini hajionyeshi. Akasema, "Ni mtu mzima. Nimvunjie heshima ili nipate nini?"

Kuna jambo la kofia ambalo halikutakiwa kusemwa pale lokesheni. Bwana D.O. mpya, ofisa wa wilaya, alikuja kukagua vyoo. Mwenyekiti alisimama mbele ya kamati yote, koti limepigwa pasi, akamwendea na mkono umetangulia. Alikuwa amekamua mablanketi mwezi mzima kwa ajili ya mkono huo. Bwana D.O. aliuona ule mkono umenyooshwa mbele yake, akavua kofia yake akaiweka humo. Sidhani alikusudia ubaya. Nadhani alifikiri ndiyo kazi ya yule mtu. Mwenyekiti akaibeba ile kofia, kutoka choo cha kwanza mpaka cha mwisho, ameishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka. Jioni, ndani ya chumba chetu, Zakayo alinieleza na akacheka, kidogo tu, kama kikohozi. Nimesema ukuta haukufika paani. Upande wa pili palikuwa kimya. Sijui kama walikuwepo. Rael sikumwuliza.

Sasa Elkana. Elkana alikuwa kiongozi wa chama cha Naivasha, mtu mrefu, mcheshi, aliyefanya kazi ya reli. Yeye naye alikuwa na salamu yake. Hakubana. Alivuta. Ukimpa mkono anauvuta kwake ghafla mpaka unapepesuka, halafu kwa mkono wa kushoto anakupigapiga bega kama baba anayembembeleza mtoto. Naivasha yote ilijua. Waliposema vyama vyote viwili viungane viwe kimoja cha wilaya, na kiwe na mwenyekiti mmoja, hakuna aliyeuliza wana maneno gani. Watu waliuliza, watasalimianaje?

Ruhusa ya mkutano ilitolewa, Jumapili alasiri, katika holi ya lokesheni. Watu walijaa nje kuliko ndani. Nilikwenda na Zakayo. Ruthi alikuwa na miezi minne, amelala mgongoni kwangu. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimelegea, kitambaa cha buluu kipya, na sikutaka kusimama mbele ya watu hivyo. Nikamwambia Zakayo, "Nishikie mtoto nijifunge." Akamchukua kwa mkono wa kushoto, akamlaza kifuani.

Ni mimi niliyempa. Nimelisema hilo kwa wachungaji watatu, Jairo, Filemona na yule aliyekuja baadaye, Nashon. Wote waliniambia si kosa langu. Sikuwa ninauliza kama ni kosa.

Elkana alifika na watu wake. Mwenyekiti alikuwa mlangoni na mkono tayari. Walishikana. Kwa muda kidogo hakikutokea kitu, wote wawili wanacheka, wanaulizana habari za safari. Halafu Elkana akavuta, na Mwenyekiti akaja. Hatua moja na nusu. Kofia yake ikamwanguka. Elkana akampigapiga bega. "Pole, mzee wangu, pole," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "ulikuwa unaanguka."

Watu wa Naivasha walipiga kelele. Peresi, aliyekuwa karibu nami, akasema, "Basi. Ameshaolewa kweli."

Elkana aliingia ndani na watu wake. Mwenyekiti aliokota kofia. Mstari wa watu wetu ulikuwa unamngoja wamsalimie waingie, na wa kwanza katika mstari alikuwa Zakayo.

Akamshika. Nilikuwa nafunga fundo, naona kila kitu. Zakayo alilegeza mkono wake kama kawaida ya mbele za watu, na akainamisha kichwa. Lakini wa kushoto ulikuwa na mtoto. Haukuja. Mwenyekiti akafunga. Alikuwa anautazama ule mkono wa kushoto. Akafunga tena. Mtu mmoja nyuma akasema, "Heee, leo hata wa maziwa anamkatalia!" wakacheka. Mwenyekiti akafunga, na bega lake likapanda.

Zakayo angeweza kubana naye. Mkono unaojibana hauvunjiki, Hezron alinieleza baadaye, kama vile ngumi. Unaovunjika ni uliolegezwa.

Sikusikia kitu. Ndani walikuwa wameanza kuimba. Niliona tu Mwenyekiti ameachia, akamsalimia wa pili na wa tatu. Zakayo akaja kwangu anatembea taratibu.

"Mshike mtoto," akasema.

"Kwa nini usoni uko hivyo?"

"Mshike tu."

Ruthi hakuwa ameamka.

Ilikuwa mifupa miwili, hapa nyuma ya kiganja, chini ya kidole kidogo na kinachofuata. Hezron alifunga vipande vya mbao. Alisema itaunga, lakini vidole hivyo asivitegemee. Zakayo alimwuliza jambo moja tu, ataweza kukama lini. Hezron akaanza kukusanya bendeji zake.

Ng'ombe hangoji. Asipokamwa asubuhi, jioni kiwele kimekuwa jiwe. Mzungu alimweka mkamaji mwingine, Barasa, mahali pa Zakayo siku ya pili, na wiki ya tatu alipoona vidole havifungi, akatia sahihi kwenye kipande chake, kile kitambulisho cha kazi, kwamba ameachishwa. Sijui kama namlaumu. Na sheria ya lokesheni ilikuwa kwamba chumba ni cha mtu mwenye kazi. Ukiwa huna, una siku thelathini. Ni kamati peke yake iliyoweza kusema mtu huyu aongezewe siku, apewe kazi ya kufagia soko, ya kufungua mifereji. Kamati ya Mwenyekiti.

Siku zile zote Mwenyekiti hakuja kwetu. Rael alileta unga. Aliuweka mlangoni, akaondoka.

Zakayo alikataa kwenda kwa kamati. Alisema atasema nini? Nikaenda mimi. Nilivaa kile kitambaa cha buluu kwa sababu ndicho kilichokuwa safi. Walikuwa wazee watano, Mzee Ombati mmoja wao, na karani, na Mwenyekiti katikati, mikono yake imelala juu ya meza.

"Wewe ni mama nani?" akaniuliza.

"Unanijua, mzee. Tumepakana ukuta."

"Hapa hatujuani. Hapa ni kamati. Sema shauri lako."

"Mume wangu ameachishwa kazi. Mkono umevunjika."

"Pole sana. Umevunjwa na nani?"

"Na wewe."

Karani aliacha kuandika. Mwenyekiti hakubadilika uso.

"Mimi nilimfanya nini, mama?"

"Ulimsalimia."

Mzee Ombati ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akashika kifua. "Karani, andika!" akasema. "Andika mtu ameshtakiwa kwa kusalimia! Sasa mimi nikimwuliza mtu habari ya asubuhi, nitafungwa miezi mingapi?" Wengine wakaingia. Mmoja akasema, "Na akipunga mkono je? Si atanyongwa!" Walikuwa watu ninaowajua. Mzee Ombati nilimkanda mkewe alipozaa.

Mwenyekiti aliwangoja wamalize.

"Mama Ruthi," akasema, kwa upole, na sasa alinijua. "Siku ile nilisalimia watu zaidi ya mia. Nani mwingine amevunjika?"

"Yeye alikuwa amelegeza. Kwa heshima yako."

"Mtu akiumia, analia. Alilia?"

"Hakulia. Mtoto alikuwa amelala."

Wakacheka tena. Hilo niliona halikuwa na kichekesho, lakini kicheko kikishaanza kinakula chochote. Karani aliandika mstari mmoja. Nilimwuliza umeandika nini, kwa sababu kusoma sikujua vizuri. Akasema, "Shauri halina msingi."

Tuliondoka siku ya ishirini na nane. Tulikwenda Rongai kwa mtu wa kwetu, Petro, aliyekuwa nyapara katika shamba la mahindi. Zakayo akapewa kulinda ghala la nafaka, kazi ya mzee asiye na meno. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi nilivunja mahindi na wanawake wengine. Vidole viwili vya Zakayo vilibaki vimenyooka, havishuki, kama mtu anayeonyesha kitu. Ng'ombe wa Petro wakipita, alisimama akawatazama viwele, halafu akarudi ghalani. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja. Sikutaka chumba tena, wala Nakuru. Nilitaka yule mtu aseme kwa mdomo wake mbele ya watu kwamba ni yeye. Nilikitaka nikivunja mahindi, nikichota maji. Baadaye sikukitaka kwa uchungu tena. Nilikitaka kama mtu anavyojua leo ni siku gani.

Ilipita miaka miwili na zaidi. Mwenyekiti na Elkana walikuwa bado wanagombea kile kiti kimoja cha wilaya, maana kila wakikaribia kuungana wanagawanyika. Safari hii matawi yote yangepiga kura, na la Rongai lilikuwa kubwa. Ndipo siku moja mchana nikainua kichwa jikoni kwangu, nikamwona amesimama nje, peke yake, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ametembea kutoka stesheni. Amenenepa tumbo, amepungua uso. Aliniletea vidole viwili, nikavishika.

Nikampa kigoda. Nilikuwa napika maharagwe.

"Mama Ruthi, kesho nina mkutano hapa madukani."

"Nimesikia."

"Watu wa Elkana wanapitisha maneno. Ati mimi ni mtu wa kuvunja maskini mikono."

"Nayo nimesikia."

"Nataka Zakayo aje. Tusalimiane mbele ya watu, basi. Waone hakuna kitu kati yetu. Nikipata kiti, Zakayo hatalinda ghala, nakuapia."

Niliongeza kuni. Nikamwuliza lile ambalo sikuwa nimepanga kumwuliza.

"Ulijua umevunjika?"

Kuku aliingia, akatoka.

"Nilisikia," akasema. "Nilisikia kwenye kiganja. Kama kijiti."

"Ukaendelea kumshika."

"Watu walikuwa wanatazama, mama."

Miaka miwili nilikuwa nimengoja hilo. Nilifikiri kitu kitatokea kifuani mwangu. Niliangalia maharagwe, yalikuwa yamekauka maji, nikaongeza maji.

"Basi kesho sema hivyo," nikamwambia. "Kama ulivyoniambia mimi."

"Hilo siwezi. Nikisema hilo, nimekwisha."

"Basi nenda, mzee. Treni itakuacha."

Lakini Zakayo alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. Alikuwa ametoka ghalani kula.

"Nitakuja, mzee," akasema.

Sikusema na Zakayo siku hiyo. Nilimpakulia, nikaenda kuchota maji.

Kesho yake watu walikuwa wengi, watu wa mashamba, waliotoka kazini na mabuti yao, wenye kuvunja mahindi na wenye kukama. Mwenyekiti alisimama juu ya lori. Alipaza sauti, "Wanasema nina ugomvi na mtu! Mtu mwenyewe huyu hapa!" Zakayo akapanda. Mwenyekiti akanyoosha mkono, anacheka, kama zamani. Zakayo akampa wa kwake.

Haukufunga. Vile vidole viwili vilibaki vimenyooka hewani, kila mtu anaviona. Mwenyekiti alimshika kidogo sana, kama anashika yai. Watu wakapiga makofi. Makofi yakaisha. Mwenyekiti akataka kurudisha mkono wake, lakini Zakayo alikuwa bado ameushika kwa vidole vilivyobaki. Hakuwa anabana. Alikuwa anamtazama tu, uso wake mtulivu, kama anayemngoja mtu amalize kufunga viatu.

Mama mmoja mzee mbele kabisa, Mama Chebet aliyeuza mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, akauliza kwa sauti, "Kwani hii mkono ya kijana ilifanyiwa nini?"

Niliona Mwenyekiti amefungua mdomo. Alitazama watu, akamtazama Zakayo, akatazama watu tena.

"Ni ng'ombe, mama," akasema. "Alikuwa anakama. Ng'ombe akamkanyaga."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa watu wa kukama. Mtu wa mjini angekubali. Lakini wale walijua anayekama amekaa, na mikono yake iko juu, kwenye kiwele, na ng'ombe anachokanyaga ni mguu wako au ndoo yako.

"Mzee!" mmoja akaita. "Ng'ombe wa kwenu anakanyaga mkono? Kwani jamaa alikuwa amelala chini ananyonya?"

Basi wakavunjika mbavu. Wanawake wakashikana mabega. "Alikuwa ndama!" mwingine akapokea. "Mfungeni kamba!" Hata dereva wa lori alicheka, kichwa juu ya usukani. Mwenyekiti alikuwa anainua mkono wa kushoto kuwanyamazisha, na kadiri alivyouinua walizidi. Kura ya Rongai haikumwendea, na kiti cha wilaya alikikalia Elkana.

Mimi nilitafuta kicheko nikakikosa. Nilikuwa namtazama Zakayo. Hakucheka. Aliachia ule mkono, akauweka wake mfukoni, akashuka kwenye lori kwa uangalifu, akipita katikati ya watu waliokuwa wanampiga mgongoni kama aliyefunga goli. Alipofika kwangu alisimama.

"Nilidhani atasema," akaniambia.